Sunday Manara Tuliyemwona kwa Macho

Ukiwatajia vijana wa Kariakoo wa leo jina la Manara, watakwambia Haji. Hawana kosa. Haji ameisemea Simba kwa miaka, kisha Agosti 2021 akahamia Yanga, na kila kijiwe cha kahawa kuanzia Gerezani mpaka Magomeni kikapata la kuzungumza. Lakini sisi tuliokulia mitaa hii miaka ya sabini, Manara kwetu lilikuwa jina la uwanjani. Walikuwa ndugu watatu: Kitwana, Sunday na Kassim. Kitwana, mkubwa wao, ndiye yule Popat aliyeanzia golini kisha akageuka mshambuliaji na kuwafunga Simba kila alipojisikia. Kassim alikuja baadaye. Huyo wa katikati, Sunday, baba yake Haji, ndiye ninayetaka kumzungumzia hapa, kwa sababu sijaona mwingine wa namna yake tangu nilipoanza kutazama mpira, na nimetazama mpira umri wangu wote. Tulimwita Computer.

Sikuwahi kuwa rafiki yake wala kukaa naye meza moja. Nilimjua kama alivyojulikana na maelfu ya vijana wa Dar es Salaam: kwa kusimama kandokando ya uwanja na kumkodolea macho.

Mimi nilikuwa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja aliyekuwa na charahani mbili barazani, Mtaa wa Mafia. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani kwa nyuma na baraza mbele. Maghorofa yalikuwa ya kuhesabika. Soko la zamani lilikuwa limevunjwa na mahali pake palikuwa panainuka lile soko kubwa la zege alilolichora Beda Amuli, lile ambalo Mwalimu Nyerere alikuja kulifungua mwaka 1975. Vumbi la saruji lilikuwa likitua mpaka kwenye vitambaa vyetu. Kazi ilikuwa nyingi, maana ndiyo miaka ya bugaluu, na kila kijana alitaka suruali yake ifagie chini.

Fundi wangu alikuwa Simba. Alikuwa Simba tangu inaitwa Sunderland, kabla jina halijabadilishwa mwaka 1971, na alijivunia hilo kama mtu anavyojivunia ukoo. Mimi nilikuwa Yanga. Hilo si jambo la ajabu Kariakoo. Klabu zote mbili zimezaliwa hapa hapa, moja 1935 na nyingine 1936, na kutoka jengo la Simba pale Msimbazi mpaka la Yanga kwenye kona ya Twiga na Jangwani unakwenda kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Nyumba moja ilikuwa na wapangaji wa pande zote mbili, na kisima kimoja uani. Siku ya mechi wake zao ndio waliokuwa wakibeba ujumbe, maana waume walikuwa hawasemezani.

Jioni kazi ikiisha nilikuwa nakimbilia uwanja wa Kaunda, kule bondeni Jangwani, kuwatazama Yanga wakifanya mazoezi. Hakuna aliyekatazwa. Tulijipanga pembeni watoto, vijana na wazee wenye bakora, na kila mmoja ana mchezaji wake. Kocha alikuwa Mromania, Victor Stanculescu. Kikosi kile kilikuwa na watu wa kutisha. Gibson Sembuli alikuwa na shuti ambalo makipa walilizungumzia wiki nzima kabla ya kukutana nalo. Mashabiki walimpenda Sembuli kwa sababu alieleweka. Anapokea, anageuka, anapiga. Sunday hakueleweka.

Nitajaribu kueleza alivyokuwa, ingawa mchezaji wa namna ile ni mgumu kumweleza kwa mtu ambaye hakumwona. Wenzake walipopokea mpira walianza kutafuta la kufanya. Yeye alikuwa ameshaamua kabla mpira haujamfikia. Alikuwa na namna ya kuukalisha mpira chini ya soli ya kiatu, akasimama wima, akamsubiri beki. Namaanisha anamsubiri kweli, mikono imelegea, kama mtu aliyesimama kituoni anangoja basi la UDA. Beki anajua kwamba anasubiriwa, na kule kujua ndiko kulikomponza. Akija kwa kasi, mpira umeshapita upande wa pili. Asipokuja, Sunday anazidi kusimama, na uwanja mzima unaanza kucheka, mpaka yule beki anaona aibu na kuja. Halafu pasi. Alikuwa akitazama Temeke na kupeleka mpira Ilala.

Wapo waliochukia. Nawakumbuka vizuri wale wazee pale Kaunda, watu waliochangia klabu kwa senti zao, wakinong'ona kwamba kijana huyu anachelewesha mpira, kwamba anajichezea mwenyewe, kwamba siku moja atatuangusha kwa maringo. Fundi wangu naye, ambaye hakuwa na sababu ya kuitakia mema Yanga, alikuwa na hoja hiyo hiyo. "Mwanangu," alikuwa akiniambia bila kuinua macho kwenye kitambaa, "mpira ni magoli. Hayo mengine ni ngoma." Nilikuwa simjibu, kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa najua kwamba kila Simba inapokutana na Yanga fundi halali usiku kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo si Sembuli.

Basi ikaja Nyamagana.

Mwaka 1973 Simba walikuwa wameuchukua ubingwa wa Bara baada ya Yanga kuushika miaka mitano mfululizo, 1968 mpaka 1972. Simba ile ya 1974 ilikuwa kali kweli; mwaka huo huo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na ilitolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti tu. Ubingwa wa nchi ukabaki kati ya watani hawa wawili, na mchezo wenyewe ukapelekwa Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, mbali na Kariakoo, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974. Jana yake Nixon alikuwa ameachia urais wa Marekani. Redio ililisema hilo asubuhi. Mtaani kwetu sikumsikia mtu hata mmoja akilizungumza.

Fundi alikuwa na redio ya National ya betri, imefungwa kwenye mkoba wa ngozi wenye matundu mbele. Alasiri ile aliitoa ndani na kuiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi, na baraza likajaa mpaka barabarani. Waliokosa nafasi walichuchumaa kwenye mtaro. Wauza kahawa waliacha kugonganisha vikombe. Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba, na nusu ya baraza ikainuka. Fundi hakuinuka. Alirudi kwenye charahani yake, akaanza kushona taratibu huku anasikiliza, mguu unakwenda kwenye kanyagio kwa mwendo wa mtu mwenye raha. Nakumbuka hata kitambaa: suruali ya kaki ya mteja mmoja wa bandarini. Mshono ulikuwa umenyooka kama rula. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo, cha pili kikaingia, suruali ile ikakamilika mguu mmoja, ukaanza wa pili.

Watu wa Yanga walianza kuondoka mmoja mmoja. Kuondoka kabla ya kipenga ilikuwa njia ya kukwepa maneno ya njiani, kwa sababu Simba wakishinda Mtaa wa Msimbazi haupitiki. Mimi sikuwa na pa kwenda. Kazi yangu ilikuwa pale pale.

Dakika ya 87 Sembuli akasawazisha.

Sikusikia mtangazaji alisema nini baada ya jina lile, kwa sababu baraza zima lilipiga ukelele, na wale walioondoka wakawa wanarudi mbio, kandambili mkononi. Mguu wa fundi ulisimama. Kipenga kikalia, wakaongezewa dakika. Sasa hakuna aliyekaa. Fundi naye alikuwa amesimama, ameegemea nguzo ya baraza, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na nikaona anaishika ncha zote mbili kwa mikono miwili kama mtu anayejizuia asianguke. Dakika ya saba ya nyongeza, yaani ya 97, redio ikataja jina la Sunday Manara.

Sina maneno ya kuieleza Kariakoo jioni ile. Watu walitoka majumbani na masufuria, na madebe, na vifuniko, wakateremka Mtaa wa Twiga kuelekea jengoni Jangwani kana kwamba timu imo mle ndani, na kumbe timu iko Mwanza. Nami nilikuwa mmojawapo. Lakini kabla sijaondoka nilimwona fundi akiitoa ile suruali chini ya sindano, akaikunja vizuri, akaweka kifuniko cha mbao juu ya charahani. Akaniambia, "Jumatatu utafungua wewe." Akaingia ndani. Wala hakutaja ngoma tena tangu siku ile. Na mguu wa pili wa suruali ile nilikuja kuumalizia mimi.

Watu wa sasa wakisikia mabao mawili kwa moja wanaona ni matokeo ya kawaida. Kwa watu wa Jangwani lile la Nyamagana liliingia kwenye mifupa. Miezi michache baadaye, Januari 1975, watani wakakutana tena Zanzibar, fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Simba ndio walikuwa wameshika kombe la mwaka uliotangulia. Yanga wakashinda mawili kwa bila, na waliofunga wakawa wale wale wa Mwanza, Sunday na Sembuli. Waliokwenda na boti walirudi wamekauka sauti. Jirani yetu mmoja, mtu wa makamo, alisimama katikati ya mtaa akatuonyesha kwa miguu yake mitupu jinsi Computer alivyofanya, akateleza, akaanguka, akaendelea kusimulia akiwa pale pale chini.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimwona aliye mbali: kwa redio na kwa miguu ya jirani. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara tulikaa bila televisheni mpaka 1994. Wachezaji wote wa kizazi kile, wa Yanga na wa Simba, walicheza na kustaafu kabla kamera ya nyumbani kwao haijawapiga.

Raha ile haikudumu. Mgogoro ukaingia Yanga, na ulipofika mwaka 1976 klabu ilikuwa imepasuka. Wengine walisema chanzo ni kocha, Tambwe Leya kutoka Zaire. Wengine walisema ni uongozi na wachezaji kutoelewana. Pale barazani kwetu kila mteja alikuja na chanzo chake. Ninachojua ni kwamba kikosi kile kilisambaratika, wengi wakaondoka, na katika kuondoka kwao ndiko kulikozaliwa Pan African, timu iliyokuja kuwa bingwa wa nchi mwaka 1982. Yanga ikabaki na vijana.

Tarehe 19 Julai 1977 nilikuwa Uwanja wa Taifa. Tulikwenda kwa miguu kama kawaida, kupitia Gerezani na Keko, tukiimba. Abdallah Kibadeni akafunga la kwanza dakika ya 10. La pili Selemani Sanga akajifunga. Kibadeni tena kabla ya mapumziko. Jumanne Hassan Masimenti akaongeza mawili, na dakika ya 89 Kibadeni akamalizia lake la tatu. Sita kwa bila. Tulirudi Kariakoo kimya, na nilipopita mbele ya fundi alikuwa amekaa barazani, ananitazama. Nilingoja aniseme. Hakusema kitu, akanisogezea kikombe cha kahawa. Kwa hilo nilimheshimu mpaka alipofariki.

Simba walichukua ubingwa mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980. Nimewasikia wachambuzi wakizitaja sababu nyingi. Kwangu mimi sababu ni moja: huwezi kuvunja timu yenye mtu kama yule ukategemea mbingu zikae mahali pake.

Wakati Yanga inakula sita, Sunday alikuwa zake mbali. Mwaka ule wa 1977 habari zikaja kwamba amekwenda Uholanzi, kuchezea Heracles ya mji wa Almelo. Kwa mafundi wa Kariakoo, Uholanzi ilikuwa ni maandishi madogo kwenye pindo la kitenge cha bei, yale tuliyokuwa tukiyaacha nje ya mshono makusudi ili mwenye nguo aonekane ana kitu cha maana. Na ilikuwa nchi ya Cruyff, iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia 1974 na ikarudia 1978. Sasa mtu wetu, tuliyekuwa tukimtazama bure bondeni Jangwani, yuko huko analipwa kucheza mpira.

Vijana, tulieni hapo kidogo. Mpira wetu wakati ule ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji wa Yanga au Simba alikuwa na kazi yake kwenye shirika la umma, anaingia asubuhi kama watu wengine, na jioni ndiyo anavaa viatu. Hakukuwa na wakala. Hakukuwa na kijana aliyewahi kwenda kabla yake akarudi kumwambia kule kukoje, barafu inavunjaje miguu, mtu anakula nini, anamwelewaje kocha. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Heracles ilikuwa daraja la pili, na wapo wanaolitaja hilo kama la kumpunguza. Mimi naliona vingine. Mtu wa kwanza kuvuka mto haulizwi amevukia wapi.

Na hakuishia hapo. Mwaka 1979 alikuwa Marekani na New York Eagles. Akapita Austria, St. Veit, na nduguye Kassim naye akacheza nchi hiyo. Akafika Dubai, Al Nasr. Tulikuwa tukizipata habari hizi kwa vipande, mstari mmoja gazetini, barua ya baharia, neno la mtu aliyekutana na mtu. Kila kipande kilikuwa kikisomwa kwa sauti barazani, na fundi, Simba wa Sunderland, ndiye aliyekuwa akiomba kirudiwe.

Nilimkumbuka sana Sunday mwaka 2020. Januari ile Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza, na Kariakoo nzima ilivaa rangi za timu ambayo hatukuwa tukiifuatilia. Nilifurahi kama kila mtu. Samatta anastahili kila sifa aliyopewa na zaidi. Ila nilikaa kwenye kijiwe kimoja nikawasikia vijana, wamevaa jezi na simu mkononi, wakisema kabla ya Samatta hakuna Mtanzania aliyewahi kwenda popote. Niliwaeleza. Walinisikiliza kwa adabu, hilo siwezi kuwanyima, kisha mmoja akaniuliza, "Sawa babu, video yake iko wapi?" Akaniangalia akingojea.

Swali lile limenikaa. Sembuli anapiga shuti, mtoto ataona wapi? Dilunga, Mambosasa, Haidari Abeid, Kibadeni mwenyewe wa mabao matatu, wataonwa wapi? Baraza la fundi wangu halipo. Mahali pake pana ghorofa la maduka ya simu. Soko la Amuli liliungua Julai 2021. Waliosikiliza redio ile ya National pamoja nami, wengi nimewasindikiza makaburini. Tukimalizika sisi, Computer atabaki mistari michache ya matokeo: dakika ya 97, bao, jina. Hakuna mstari utakaosema kwamba alikuwa akisimama wima na kumngojea beki.

Kwa hiyo naziomba klabu hizi mbili, ambazo leo zina wadhamini, studio zao na vijana hodari wa kamera, pamoja na TFF: wakalisheni wachezaji wa miaka ile waliosalia, mmoja mmoja, muwarekodi wakisimulia kwa vinywa vyao, na msiwakatize. Wakalisheni na mashabiki wazee wa Twiga, Mafia na Msimbazi. Na wewe msomaji, ikiwa marehemu baba yako aliacha sanduku lenye picha ya timu au kipande cha gazeti la Uhuru la mwaka 1974, usikitupe. Kipeleke Jangwani, au Msimbazi kama ndiko alikokuwa. Nyuma ya picha andika majina ya unaowatambua, kwa kalamu ya wino, leo.